Kikapu Chako Kiko Wapi?

Nyinyi wasichana wa steji, mliovaa sare ya damu ya mzee na beji shingoni, nimewaona. Juzi mmoja wenu alinishika mkono kwa adabu, akaniambia, "Kogo, nyanya yetu, pita hapa mbele, kiti chako hiki." Nikapita, nikakaa, halafu nikaanza kucheka peke yangu mpaka jirani akasogea kidogo, akidhani nyanya wa watu ameanza kuchanganyikiwa. Sijachanganyikiwa. Nilikuwa nakumbuka miaka ya tisini, wakati mtu akikushika mkono hapo steji ya Kericho, baadaye unahesabu vidole.

Mimi nilikuwa karani wa steji. Msicheke, ilikuwa kazi. Nilipewa kwa sababu ya sauti. Nilikuwa nauza chai na mandazi pale kando, na wenye magari waligundua kwamba nikiita "Chai moto!" hata abiria wa ng'ambo ya barabara wanageuka. Mwenyekiti wao akaniambia, "Mama Chela, hiyo sauti unaiharibu na mandazi. Njoo upange magari."

Nikaja. Sikujua chochote. Siku ya kwanza niliwapandisha watu wa Merigi kwa gari la Londiani. Walikuwa wamechoka, wakalala, na walifika mbali kabla ya mmoja kuamka na kuuliza mbona leo kuna baridi na viazi vingi hivi njiani. Walirudi jioni wakinitafuta. Nilijificha jikoni kwa hoteli ya jirani mpaka wakapata gari la kwao. Kwa hivyo nyinyi mkikosea, msilie. Kosa la steji dawa yake ni kuuliza tena: "Unaenda wapi?" Uliza kwa mdomo, usiangalie uso wa mtu na kujijibu.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Odhiambo, mtu wa ziwani, dereva wa basi aliyestaafu. Alikuja Kericho kijana, akazeekea hapo, na mchana kutwa alikaa juu ya tairi kuukuu kando ya steji kwa sababu nyumbani, alisema, hakuna moshi wa dizeli na kifua hakizoei. Ulimi wangu wa Kipsigis ulikuwa unasema "kari" badala ya "gari", na mzee hakuniacha. "Mama Chela, kari yako imejaa?" Nami namjibu, "Imejaa, mzee, na samaki yako imeoza." Tulipendana hivyo.

Sasa niwaambie steji ilikuwaje. Mwanamume akifika, aliulizwa anaenda wapi. Mwanamke akifika, alivutwa. Makanga mmoja ameshika mkono, mwingine ameshika kikapu, wa tatu ameshachukua mtoto na kumkalisha ndani ya gari, kwa sababu mtoto akishaingia, mama ataenda wapi? Ukikataa, unatukanwa: mara sura, mara kiuno, mara nguo uliyovaa. Gari likija wakati wa mvua, wenye mabega ndio wanaingia. Mama mwenye mtoto mgongoni anabaki chini. Na mvua ya Kericho mnaijua wenyewe, haikosi miadi. Mchana ukishageuka tu, imefika, pengine na mawe.

Mimi niliona hayo yote nikadhani ndivyo steji ilivyo, kama vile moto ulivyo moto. Mpaka yakaingia nyumbani kwetu.

Kaka yangu mkubwa, Kimutai, alikuwa mkulima wa chai huko ndani upande wa Boito, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache na kofia moja. Binti yake Chebet alikuwa anasomea ushonaji hapa mjini, anakuja asubuhi na kurudi jioni. Huyo mtoto alipenda cherehani! Alikuwa akikusalimia, macho yake yako kwenye pindo la sketi yako, anaangalia kama limenyooka. Alibakiza muhula mmoja tu apate cheti.

Jioni moja makanga wawili walimgombania, huyu anavuta kwa gari lake, yule kwa lake. Mkono wa blauzi ukachanika kutoka begani mpaka kiwikoni. Blauzi aliyoshona mwenyewe! Aliingia nyumbani amejifunga leso, na baba yake alipoiona ile blauzi hakumfokea yeye. Alinijia mimi, Jumapili, baada ya kanisa.

"Hawa watu wamrarue mtoto tena siku moja tu," akasema, "na chuo kimekwisha. Atabaki nyumbani achume majani chai. Na wewe, uko hapo hapo steji. Kazi yako ni gani?"

Wee! Hilo neno lilinichoma. Usiku sikulala. Nilimkasirikia kaka, nikawakasirikia makanga, halafu kukakucha na hasira haijapata pa kukaa, kwa sababu kweli, kazi yangu ilikuwa gani?

Sasa, jibu sikulitoa kichwani. Sijasoma hivyo. Wiki hiyo nilikuwa na siku ya kupumzika, nikaenda Boito kumsaidia mke wa kaka kuchuma, na mchana tukapeleka majani kituoni kupimwa. Nyinyi wa mjini pengine hamjui. Pale kituoni kila mama anatua kikapu chake nyuma ya kikapu alichokikuta, halafu anakwenda kukaa chini ya paa. Anapiga hadithi, ananyonyesha, anasinzia. Lori la kiwanda lichelewe, mvua inyeshe, hakuna wasiwasi. Kikapu kinashika nafasi, mwenyewe amepumzika. Katika maisha yangu yote sijaona mtu akiruka kikapu cha mwenzake. Hata mlevi anakizunguka.

Nikasimama pale nimeshika kiuno. Mke wa kaka akauliza, "Umeumwa na nini?" Nikamwambia, "Hakuna. Nimeona steji."

Jumatatu nikafika kazini mapema. Kulikuwa na kibanda cha mabati pale, ambacho makanga walikuwa wamekifanya ukumbi wa kucheza drafti kwa vifuniko vya soda. Nikafagia drafti yao yote nje. Nikaita kwa ile sauti ya mandazi: "Kina mama na kina dada! Vikapu chini kwa laini, nyinyi ndani kibandani! Tunapanda kama tunavyopima majani!"

Sikuhitaji kueleza mara ya pili. Wanawake wa huku walielewa kabla sijafunga mdomo. Vikapu vikatua tap, tap, tap. Waliotoka ziwani na kufanya kazi kwenye mashamba makubwa wakaweka ndoo na mifuko yao. Wanaume wengine walisita, halafu mvua ikawashauri nao wakaweka.

Makanga ndio walikataa. Mkubwa wao tulimwita Brigedia, jitu la kifua, sauti yake peke yake ilishindana na yangu. Hakunitukana. Alicheka tu, na kesho yake nikakuta vikapu vimetangulia mbele ya laini, vizuri, vimejaa majani mpaka juu. Nikauliza ni vya nani. "Ni vya abiria, mama. Wameenda kunywa chai." Kumbe ni vyake, amejaza nyasi, anawashikia nafasi marafiki zake wenye mabega.

Angefaulu, lakini mwenye hoteli ya jirani alikuwa na mbuzi. Huyo mbuzi alinunuliwa achinjwe, watoto wakalia, akasamehewa, na tangu hapo akawa anatembea steji nzima kama mwenye hisa. Basi akaja, akanusa laini, akapita vikapu vya watu vyenye sukari na sabuni, akafika kwa vya Brigedia. Akala cha kwanza. Akaingia cha pili mpaka masikio. Kina mama walicheka mpaka wengine wakashika nguzo. Mzee Odhiambo akasema kutoka kwenye tairi yake, "Huyo ndiye inspekta. Sheria imekula." Jina likamganda. Kuanzia siku hiyo mbuzi aliitwa Inspekta, nami nikaweka kanuni: nitatia mkono ndani ya kila kikapu, na mwenyewe lazima aonekane. Ni vile vile kituoni, kikapu kisicho na majani hakina mwenyewe.

Brigedia aliona aibu, na mtu mkubwa akiona aibu ni hatari. Nilitaka wenye magari wamfukuze. Odhiambo akaniita. "Mama Chela, umewahi kuona dereva akitupa breki kwa sababu inapiga kelele?"

"Hapana."

"Basi usimfukuze. Mpe cheo. Huyu anataka kuwa mkubwa. Mwache awe mkubwa wa kitu kizuri."

Nilinuna. Nilijua alichowafanyia wasichana wa watu pale, na si mimi niliyekuwa na deni la kumpamba. Nikamwita mbele ya wote nikamwambia ukweli: "Ukimgusa mwanamke tena, hata kwa ukucha, unatoka hapa. Lakini laini hii inataka mtu ambaye haogopi yeyote. Mimi namjua mmoja tu." Nikampa filimbi. Akaiangalia, akaipuliza kidogo kuijaribu. Ndugu zanguni, kufika jioni hapakuwa na mtu mkali kwa vikapu kama Brigedia. Aliwafokea hata wenye magari. Alikuwa akimwita kila mwanamke "mama" au "dada", na makanga akikosea, filimbi sikioni.

Hapo ndipo tulianza kujifunza kazi yenyewe, na haya ndiyo nataka myashike. Mwenye mtoto mgongoni asikae karibu na mlango, maana kila anayeshuka atamgonga mtoto kichwa. Mzigo ukipanda juu, mwenyewe aone umefungwa wapi. Makanga akisimama mlangoni aangalie nje, macho yake yawe barabarani, magoti ya watu hayamhusu. Na kabla gari halijaondoka jioni, nilikuwa nasimama mlangoni naita: "Huyu dada anashuka njia panda ya kiwanda. Nani mwingine anashuka hapo?" Kama hayuko, nampeleka gari la nyuma lenye mwenzake. Msichana asibaki peke yake ndani ya gari na giza linaingia. Hii kanuni hainunuliwi dukani na haiharibiki. Mnaweza kuanza nayo leo.

Kulikuwa na kijana wa saluni pia, msusi hodari, mwenye mwendo wake na sauti yake laini. Makanga walikuwa wakimpigia miluzi na kumwita majina ya kike mpaka akawa anatembea kwa miguu kwenda kwao badala ya kupanda gari. Nilimwona siku moja amesimama mbali, anachungulia laini. Nikamwambia, "Lete hicho kikapu cha vitana." Mmoja akaanza mluzi. Brigedia akamwuliza, "Unampigia nani mluzi? Kikapu kinavaa suruali?" Kijana akapanda kwa zamu yake. Kesho yake alinisuka bure na nikakataa kufumua mpaka watu wa kanisa wakauliza.

Si kwamba kikapu kilimaliza yote. Magari mengi wakati huo viti vilitazamana, goti kwa goti. Sasa siku moja laini ilimleta bwana mmoja akaketi, halafu ikamleta mama mkwe wake, na nafasi iliyobaki ni ile ya mbele ya magoti ya mkwe! Mama alifunika uso kwa leso, mkwe akaangalia juu ya paa kama anasoma maandishi. Sisi Wakipsigis hilo ni aibu, na watu wa ziwani ni vile vile, hapo hatukubishana. Mama akashuka kwenye mvua. Nikaona haifai mtu kunyeshewa kwa sababu ya heshima yake. Nikatoa ruhusa: unaweza kubadilishana nafasi na aliye nyuma yako, ila si aliye mbele. Kurudi nyuma ni hiari, kwenda mbele ni wizi.

Basi mambo yakawa mazuri, na Chebet anakuja na kurudi, blauzi nzima. Nikaanza kutembea kifua mbele. Halafu siku moja njiani karibu na kwao aliteleza, akaanguka kwenye tope jekundu, akaingia nyumbani ametapakaa. Alijieleza. Baba yake hakusikia. Kwake tope lilikuwa la steji.

Ijumaa hiyo nikamwona Kimutai anakuja, kofia kichwani, mwavuli kama fimbo. Hata salamu ya chamgei hakunipa. "Nimekuja kumchukua mtoto. Jumatatu haji tena."

Chebet alikuwa kibandani na wenzake, akasikia. Hakulia. Alishika tu kamba ya mkoba wake akaizungusha, akaizungusha.

Gari la Boito likaingia. Kaka akamshika binti yake mkono, akaenda moja kwa moja mlangoni. Filimbi!

"Mzee," akasema Brigedia, "kikapu chako kiko wapi?"

"Kikapu gani? Mimi si mwanamke."

"Hata mimi si mwanamke. Kikapu, ama mfuko, ama chochote. Laini iko pale."

"Kijana, unajua mimi ni nani?"

"Najua, mzee. Wewe ni mtu wa mwisho."

Kibanda chote kikaguna. Mimi nilitaka ardhi ipasuke. Nilifungua mdomo kumwambia Brigedia huyu ni kaka yangu, mwache, na Mzee Odhiambo akanitazama tu. Nikaufunga. Ningesema vile, vikapu vyote pale vingekuwa takataka.

Chebet ndiye aliyesema, polepole. "Baba, changu ni kile cha bluu, cha pili kutoka mbele. Wewe weka kofia."

Kimutai hakuwa na kitu kingine. Mwavuli ungeokotwa. Akaangalia mvua inayokuja, akaangalia wanawake waliokaa pakavu wakimtazama. Na huyu ni mtu wa kituo cha majani, mnaelewa? Amepanga vikapu tangu utotoni. Alijua kabisa anachoombwa. Akavua kofia, akaiweka nyuma ya ndoo ya mwisho, akatia jiwe juu isipeperuke, akaja kukaa kibandani, kichwa wazi.

Akaona vile gari linavyopakiwa. Brigedia akaita, "Mama wa kikapu cha kwanza, karibu, angalia kichwa." Akaita, "Dada wa kikapu cha bluu, zamu yako." Yeye mwenyewe akasimama kando ya mlango, mikono nyuma. Hakuna aliyemvuta Chebet, hakuna aliyemwita jina. Ndani, mama mmoja akasema yeye pia anashuka Boito, watatembea pamoja. Kaka alikuwa anaangalia bila kupepesa.

Chebet akasema, "Asante, napeana nafasi nyuma. Nitaenda na baba."

Na hapo ndipo watu walipopiga kelele, maana Inspekta alikuwa amefika mwisho wa laini. Nyasi aliwahi kula, kofia alikuwa hajaonja. Alisukuma jiwe na pua akaanza na ukingo, taratibu, kama mtu anayekula chapati. Chebet alitoka mbio kwenye mvua, wakavutana, mbuzi huku na yeye kule, na alipoipata, ukingo wa upande mmoja ulikuwa umekwenda na utepe unaning'inia. Kina mama walijaribu kutocheka. Hawakuweza. Mimi nilicheka nikiwa na machozi, sijui ni ya nini.

Kimutai hakucheka. Kofia moja, nimewaambia.

Chebet akaketi karibu naye. Akafungua mkoba, akatoa mkasi, sindano, uzi, na kipande cha kitambaa cha chuo, cha kahawia. Akakata, akapinda, akashona, mvua ikipiga mabati juu yetu. Gari la pili likaja. Vikapu vikasogea, na mwenye ndoo akakisogeza kijiwe kilichoshika nafasi ya kofia, hakuna aliyemwambia. Kaka akawa anaangalia vidole vya binti yake. Nadhani hakuwahi kuviona vikifanya kazi. Sisi hupeleka watoto chuo, lakini hatuendi kuona wanachofanya huko.

Zamu yao ilipofika, kofia ilikuwa tayari. Kimutai aliigeuza, akavuta ukingo kwa nguvu, kwa ubaya hasa, akitaka utoke. Haukutoka. Akaivaa. Akapanda baada ya binti yake, akakaa dirishani, gari likawaka. Nikasimama pale chini nikingoja aniambie kazi yangu ni gani.

Akafungua kioo. "Jumatatu," akasema, "huyu fundi asichelewe chuo. Na hiyo mbuzi mfunge."

Nikamshukuru, "Kongoi, kaka," lakini gari lilikuwa limeshaondoka, na sauti yangu, kwa mara ya kwanza, haikufika popote.

Kimutai tulimzika akiwa mzee sana. Kofia Chebet aliiomba. Nendeni dukani kwake, hapo nyuma ya soko, ambako sare zenu zinashonwa. Mkimwuliza cheti cha chuo kiko wapi, atafikiri kwanza, atasema labda kabatini. Kofia iko ukutani, juu ya cherehani.